Jirani Aliyewaita Panya Mashemeji

Panya wa hapa Goma hawana jina. Wanapita juu ya dari, wanatoboa mfuko wa unga, mtu anasema "panya," anatupa kiatu gizani, anageuka na kulala. Kwetu Masisi mambo hayakuwa hivyo. Jirani yetu hakulitamka jina la panya ndani ya nyumba, na kwa miaka yote tuliyokaa naye ua kwa ua sikumsikia akiteleza. Alimwita shemeji.

"Shemeji alipita usiku," angesema akitunyooshea kikapu kilichotobolewa. "Amekula, hata kuaga haagi. Njo desturi yake."

Sisi watoto tulimwita Mama Jirani, na watu wazima nao wakaacha jina lake la ubatizo likachakaa kanisani. Leo anaishi Hombo, kando ya barabara kubwa, kwenye chumba cha mpwa wake. Kila anayetoka pande za Masisi anaulizwa swali lile lile: bustani yangu bado inaningoja? Hataki kingine. Hadai nyumba, hadai mbuzi wala masufuria yaliyochukuliwa. Anataka kurudi kwenye kile kipande cha mlima, apigane na wadudu wake mpaka nguvu zimwishie. Ninapomkumbuka ninatamani hivyo hivyo, nami sikuwahi hata kupenda kulima.

Alitoka Buleusa, kule Walikale, akaolewa kwetu. Wanaume wa kwao walikuwa wawindaji, na mwindaji hamtaji kwa jina mnyama anayemfuata, kwa sababu mnyama akijisikia anaitwa anajua kwamba anatafutwa. Yeye alikuja na adabu hiyo ya msituni akaitumia kwa panya, mende na viwavi. Viwavi vya kabichi vilikuwa wanafunzi, kwa vile vinatembea kwa mstari na kumaliza chakula chote. Kunguni alikuwa mpangaji. Fuko peke yake, yule mchimbaji wa chini ya bustani, alimtukana waziwazi kwa jina lake. Siafu walikuwa wageni, na hao nitawarudia, maana walituletea kisa.

Katekista wetu hakupendezwa. Siku moja alimkuta akimbembeleza shemeji nyuma ya ghala, akamwambia kwamba hayo ni mambo ya zamani, Mkristo haongei na wanyama.

"Katekista," alisema jirani, bila kuacha kupepeta maharage, "we unatajaka jina la shetani mu nyumba yako?"

"Hapana, Mama. Siwezi."

"Juu ya nini?"

Katekista alifikiri kidogo. "Asije akafikiri namuita."

"Eee. Basi tuko pamoja."

Na kweli walikuwa pamoja, kwa sababu jirani alikuwa kiongozi wa kwaya ya akina mama na hakuna aliyejua nyimbo za Majilio kumshinda.

Kalenda ya parokia ilining'inia ukutani kwake, lakini aliisoma kwa macho yake mwenyewe. Mvua za Septemba zilipoanza hakusema mvua zimefika, alisema konokono wameamka. Jua fupi la Januari lilikuwa jua la vidukari, wale wadudu weusi wanaojibandika chini ya majani ya maharage. Aliamka umande ukiwa bado mzito, akapita mstari kwa mstari na bakuli la majivu, akinyunyiza kwa vidole vitatu kama anayetia chumvi kwenye mchuzi. Akichelewa umande ukakauka, majivu hayashiki, basi hasira yake tuliipata sisi wote mpaka jioni. Kiangazi cha Julai kilikuwa cha viroboto na funza. Alimwagia maji sakafu ya udongo, akafagia, akamwagia tena, na mtoto yeyote aliyepita akichechemea aliketishwa kwenye kigoda na kutolewa funza kwa sindano, awe wake au wa nani. Mimi nilichagua njia ya kuzunguka kwa nyuma. Alinishika hata hivyo.

Mavuno ndiyo yalikuwa kipimo chake. Maharage yakishapurwa, kuna fukusi, mdudu mdogo kuliko punje ya mtama, anayeingia ndani ya haragwe na kuliacha na tundu la mviringo. Jirani aliyaanika maharage kwenye mkeka, akachukua moja na kuliuma. Likivunjika kwa mlio mkavu, alitabasamu. Likiingia jino bila mlio, alitema na kusema, "Bado. Hii iko inaita batu," akimaanisha fukusi. Kisha aliyachanganya na majivu ya maganda ya ndizi na pilipili kavu iliyotwangwa, akaziba chungu kwa udongo. Kwa wiki nzima mlima wetu wote ulipiga chafya. Mama yangu alisema fukusi hawafi kwa pilipili ile, wanahama tu kuja kwetu.

Sasa kisa cha wageni.

Kwao Buleusa siafu wakianza kupanda kuelekea nyumbani, watu hawawapigi vita. Wanatoa watoto, wanatoa kuku, wanakaa nje wakiongea, na siafu wanapita kila ufa, wanakula mende, wanakula kunguni, wanamtoa shemeji na ukoo wake wote. Wakishamaliza wanakwenda zao, na nyumba inabaki safi. Ni jambo la kushukuru. Anayewaona kwanza huwatangazia jirani zake, ili nao watoe kuku.

Jirani yetu alikuwa bado mgeni mlimani alipowaona kwa mara ya kwanza huku, baada ya mvua kubwa ya mchana. Alifanya kama alivyolelewa. Alisimama uani akapaza ile sauti yake ya kwaya.

"Wageni banafika! Wageni banapanda! Mutoke mu manyumba!"

Kwetu Masisi, mtu akipaza sauti kwamba wageni wanapanda, hatumuulizi ni wageni gani. Mlima mzima ulihama. Watu walikimbilia migombani na godoro kichwani, wengine na sufuria za ugali ambao haujaiva, mzee mmoja na dirisha alilokuwa analitengeneza. Mama yangu alitubeba sisi, akabeba mbuzi, akabeba hata kinu, akamsahau Baba, aliyekuwa amelala na homa ya malaria. Tulilala chini kwenye majani ya migomba tukisubiri milio ya bunduki. Haikuja. Kilichokuja ni ukelele wa Baba, maana siafu walipitia kwetu kwanza.

Jirani alitukuta kule akiwa na kuku chini ya kila kwapa, amestaajabu. "Munakimbia nini? Banaingiaka, banafagia, banaenda!"

Walipoelewa, wengine walicheka mpaka wakaketi chini, na wengine walitaka kumpiga. Mzee wa kijiji alipiga marufuku neno hilo, kuanzia siku ile siafu waitwe wafagiaji. Baba hakumsemesha jirani kwa msimu mzima, na Mama hakusamehewa kabisa. Kila walipogombana, hata juu ya chumvi, Baba alimalizia na mbuzi. "Mbuzi ulimukumbuka." Mama alijibu kwamba mbuzi alikuwa na mimba.

Nisimfanye malaika, maana hakuwa. Huyu mwanamke wa majivu na pilipili, siku agronomu, yaani bwana shamba, alipoleta ile pompe ya kupulizia ya kubeba mgongoni pamoja na dawa yake ya wadudu, alipandwa na wazimu. Aliiazima akapulizia kabichi, akapulizia maharage, na dawa ilipobaki akaona ni dhambi kuimwaga, akapulizia kitanda, dari, ghala na mifuniko ya masufuria. Agronomu alikuwa amemwambia waziwazi kwamba dawa ni ya shambani tu, na asubuhi moja tu. Yeye aliitikia "ndiyo, ndiyo," akiwa tayari anaangalia dari.

Paka wake alijilamba manyoya akafa jioni ile. Alikuwa paka wa madoa, mzee, mwenye sikio moja, aliyekuwa akilala kwenye kikapu cha mbegu. Jirani alimzika chini ya migomba kwa kanga nzuri, na kwaya iliimba bila kiongozi Jumapili iliyofuata. Mashemeji walisherehekea mwaka mzima. Alipoulizwa alimlaumu agronomu, alimlaumu aliyetengeneza dawa, alimlaumu hata paka kwa usafi uliozidi. Lakini nilimwona mara nyingi akikisogeza kile kikapu kitupu kwenye jua, kama alivyokuwa akifanya paka akiwa ndani.

Tena, huyu aliyewatega panya kwa mitego aliyoisuka mwenyewe hakuweza kumuua mwenye watoto. Aliwahi kufukunyua rundo la maganda ya maharage akakuta kiota, vitoto vyekundu visivyo na macho. Alisimama na jembe mkononi muda mrefu. Kisha akarudisha maganda polepole, akatuangalia sisi tuliokuwa tunachungulia.

"Hamukuona kitu," alisema.

"Mama Jirani, lakini batakula maharage yako."

"Banyonye kwanza. Tutagombana wakikomaa."

Na Mama yangu? Hao wawili waligawana moto, chumvi, maziwa ya ng'ombe wetu, na huzuni zote za wanawake nisizozijua wakati ule. Waligawana pia konokono. Jirani aliokota konokono wake alfajiri, akawajaza kwenye kopo, na kwa kuwa hakupenda kuwaponda, aliwamwaga upande wa pili wa ua, kwenye kabichi zetu. Mama aligundua. Aliwaokota akawarudisha. Kesho yake wakarudi. Hivyo iliendelea miaka mingi, kila mvua, wanawake wawili wazima wakisalimiana kwa heshima mchana na kuhamisha konokono asubuhi. Nadhani wako konokono waliozaliwa, wakazeeka na kufa hewani, bila kujua kwao ni wapi.

Mama alifia hapa Goma. Siku zake za mwisho nilimpikia kabichi ya sokoni, kubwa, safi, haina tundu hata moja. Aliigeuzageuza kwenye sahani. "Hii haikuguswa na mutu," alisema, akaisukuma. Nilikasirika, maana nilikuwa nimetembea mbali kuitafuta. Sasa ninaelewa alichokuwa anakitafuta kwenye sahani ile, na ninatamani ningekuwa na njia ya kumletea kabichi moja tu ya kwetu, yenye matundu na konokono wa jirani ndani yake.

Siku tulipokimbia kweli, hakuna aliyetangaza wageni. Milio ilitosha. Tulishuka mlima kila familia na njia yake, na nilipogeuka nilimwona jirani amerudi ndani mwake. Mama alimpigia kelele atoke. Alitoka na mfuko wa mbegu kichwani, akipangusa mikono.

"Nilikuwa nafunika chungu," alisema akihema. "Shemeji asikute wazi."

Njiapanda tuliachana. Yeye alifuata watu wa kwao wa Walikale, sisi tukashika ya Goma. Huko Buleusa hakukaa, kwa kuwa kaka zake walikuwa wamekwishagawana ardhi na wao wenyewe walikuwa wanahangaika. Ndipo mpwa wake akamchukua Hombo.

Mimi ninauza vitenge, na biashara hiyo hunipeleka Hombo kupitia Bukavu. Kabla ya safari ya mwisho, mlima wetu ulikuwa umetulia kidogo, nikapanda moto, pikipiki ya abiria, kwenda kuona kilichobaki. Kwetu palibaki kuta mbili na magugu yanayonifika kifuani. Nililia kidogo, kisha nikageuka kuangalia ng'ambo ya ua.

Kwa jirani hapakuwa na magugu. Palikuwa na matuta ya viazi vitamu yaliyonyooka, marundo ya udongo wa fuko mpaka karibu na mti wa parachichi, matundu yamezibwa kwa mawe, na moshi ukitoka jikoni. Mama mmoja kijana alikuwa analima na mtoto mgongoni. Aliponiona alisimama, akashika jembe kwa mikono miwili. Nilimsalimu. Aliitikia bila kuachia jembe. Kiswahili chake hakikuwa cha mlima wetu. Alitoka mbali, na alivyoniangalia nilijua kwamba yeye pia aliwahi kukimbia, na alidhani nimekuja kumwambia akimbie tena. Nilisema napita tu, nikarudi kwenye moto.

Njiani kwenda Hombo niliamua kwamba sitalitaja jambo hili. Mwanamke mzee anaishi kwa swali moja, kwa nini nimpe jibu la namna hiyo? Nilipanga vitu vidogo vya kumwambia, vya kweli, visivyoumiza.

Nilimkuta ameketi mlangoni kwenye kigoda, barabara inapita karibu na vidole vyake vya miguu. Malori yalimwaga vumbi juu ya kila kitu. Chumba kilikuwa cha sementi, safi mno. Alikuwa amepungua sana, shingo imekuwa nyembamba, lakini sauti ilikuwa ile ile.

"Mutoto wa ng'ambo!" aliita, akinisogezea kigoda kingine. "Kuya, ikala. Hapa hata inzi banapita tu, hawakae. Sina wa kugombana naye."

Alinipa chai. Alinipa pole ya Mama, kisha hakuweza kungoja zaidi.

"Ulifika?"

"Nilifika, Mama."

"Muti ya avoka?"

"Imesimama. Imezaa."

"Na bustani?"

"Iko pale pale, Mama. Udongo ni ule ule mweusi." Nikaona macho yake yananing'ang'ania, yanataka zaidi, nami nikatafuta kitu cha kumfurahisha, kitu cha ugomvi wake wa zamani. "Hata fuko bapo. Nimeona marundo ya udongo mupya, mengi, mpaka karibu na muti."

Alicheka. Alipiga paja. "Fuko! Ule mwizi!" Kisha kicheko kikapungua, kikaisha. Aliweka kikombe chini.

"Fuko anakulaka nini?" aliuliza.

Nilipuliza chai yangu, naye akajijibu.

"Anakulaka mizizi. Anafuata viazi. Mi niliacha maharage, na ile maharage ilishakufa zamani." Alinitazama usoni. "Nani amepanda viazi?"

Lori lilipita, tukalisubiri. Uongo wote niliokuwa nao uliisha pale pale, nikamwambia. Nilimwambia juu ya yule mama, juu ya mtoto mgongoni, juu ya jinsi alivyoshika jembe. Nilisema labda ni wa muda tu. Nilisema mzee wa kijiji akirudi ataweza kuamua. Alisikiliza yote bila kuniangalia, mikono imelala mapajani.

"Na ule mama, fuko anaifanya namna gani?" aliuliza mwishoni.

"Anaziba matundu na mawe."

"Mawe!" Alisonya kwa nguvu. "Aendelee. Aweke mawe. Fuko amukulie yote, asivune hata moja. Ile bustani haimujue."

Aliingia ndani. Nilibaki na chai iliyopoa, nimejawa na aibu na huzuni, nikamuaga kupitia pazia. Nilitembea mpaka pale moto zinaposimama, nikapanda, dereva akawasha.

Nilisikia nikiitwa. Alikuwa anakuja kando ya barabara bila viatu, kanga imemlegea, mkono juu. Dereva alizima. Alifika akashika usukani wa moto ile apate kupumua.

"Utarudi kule?"

"Nitarudi, Mama."

"Muambie asizibe. Muntu akiziba, fuko anachimba ingine. Atafute njia yake kubwa, inapita chini ya avoka, upande wa jua inatokea. Aifungue kabisa. Fuko hapendake upepo mu nyumba yake, atakuya mwenyewe kuifunga. Aikale kimya na jembe, asivute hata pumzi. Akiona udongo inatikisika, apige nyuma yake, si mbele. Umesikia? Nyuma."

"Nyuma."

"Afanye mbio, mbele ya mvua. Mvua ikianza, hatamuweza."

"Nitamwambia. Na akiuliza ni nani anasema?"

Aliangalia barabara, upande ule wa kwetu, ambako hakuna kinachoonekana ila miti na vumbi.

"Sema ni mwenye shamba," alisema. Aliachia usukani, akarudi nyuma hatua kidogo, kisha akanishika tena mkono. "Lakini umuambie polepole. Asikimbie."